Uke umelegea baada ya mtoto wa pili, dawa za asili zinasaidia au ni hospitali tu?

mama_wawili

Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri bila kunicheka maana hili jambo nimelibeba muda mrefu na sina wa kumwambia. Nina miaka 34, watoto wawili wote nimejifungua kwa njia ya kawaida, wa kwanza hakunisumbua ila huyu wa pili alikuwa na kilo 4 na gramu 200, nilisukuma sana mpaka wakaniongezea njia na bado nikachanika, nikashonwa nyuzi sijui ngapi. Sasa hivi ana miezi kumi.

Tangu nimerudi kwenye tendo nahisi kabisa siko kama zamani, yaani baba watoto anaingia na mi sisikii chochote, alafu kuna ule upepo unatoka na sauti natamani ardhi ipasuke niingie. Yeye hakusema kitu mpaka juzi, tulikuwa tunaongea mambo mengine kabisa, akatania kwamba siku hizi kumekuwa uwanja. Akacheka, na mi nikacheka, ila usiku huo sikupata usingizi.

Nimesoma mpaka kichwa kinauma. Huyu anasema shabu, huyu kujifukiza, huyu majani ya ukakasi, mwingine anatangaza leza ya nusu saa unatoka kama msichana, na wengine wanasema kushonwa tu ndo suluhisho. Nimejaribu mazoezi ya kubana wiki mbili hivi sikuona tofauti nikaacha. Sasa naombeni waliopitia hii hali, ni kipi kilifanya kazi kweli na kipi ni kuibiwa hela, na je inarudi au ndo basi tena? Nawasilisha.

fundi_wa_mizizi

Dada usihangaike na mahospitali. Shabu ya unga kidogo, unachanganya na maji ya uvuguvugu unajiosha kwa ndani asubuhi na jioni, siku tatu tu mzee ataomba namba yako upya. Mi ninayo iliyochanganywa na mizizi, njoo inboksi.

sitaki_kuiona_shabu

Hapana hapana hapana. Dada yangu usiende huko inboksi, mi nilienda.

Nilitumia hiyo shabu karibu miezi miwili baada ya mtoto wangu wa kwanza, na nikwambie ukweli mwanzoni unaona kama inafanya kazi, unakauka, unakuwa mgumu mgumu, mwanaume anaingia kwa shida na anafurahi anadhani umebana. Kumbe hujabana, umekauka na umevimba. Ni kama ukila embe bichi mdomo unakakamaa, je mdomo umekuwa mdogo? Ukakasi unakamata ngozi ya juu tu, saa chache unaisha unarudia tena na kila ukirudia unajichubua zaidi.

Mwezi wa pili nikaanza kutoa uchafu mweupe wa kijivu wenye harufu ya samaki, mkojo unachoma, tendo lenyewe nalia kwa maumivu. Daktari alivyoniingizia kile kifaa cha kuangalia akaniuliza umejiweka nini humu, maana alikuta vidonda vidogo vidogo. Akanieleza kwamba ukeni kuna bakteria wazuri wanaokaa mle kulinda, wanatengeneza asidi ndo maana uke wenye afya uko na pH kama 3.8 mpaka 4.5, ukimwagia shabu au sabuni au dawa ya meno (ndiyo, kuna wanaoweka dawa ya meno) unaua hao walinzi na wale wabaya wanahamia. Na kibaya zaidi michubuko hiyo ni mlango wa magonjwa ya zinaa pamoja na virusi vya ukimwi, na kondomu nayo kwenye ukavu inapasuka kirahisi. Kwa hiyo mtu anakuuzia kubana, unanunua maambukizi.

Mi nilitibiwa nikapona, ila mpaka leo nikisikia neno shabu mwili unasisimka.

mkunga_mstaafu

Mwanangu pole, na kwanza huo utani wa baba watoto usiufanye kipimo, wanaume wengi wanaropoka bila kujua linaingia wapi. Mi nimezalisha mpaka nimestaafu, ngoja nikueleze kilichoko huko chini maana watu wanauza dawa ya kitu wasichokijua.

Uke sio shimo lililoachwa wazi. Ukiwa umekaa tu zako ukuta wa mbele na wa nyuma vimegusana, na zina mikunjo mikunjo ambayo siku ya kuzaa inafunguka kichwa kinapita kisha inajirudi. Ukipata hamu uke unarefuka na kutanuka wenyewe, hiyo ni dalili mwili umekubali, wala sio ulegevu. Sasa kinachobana sio ule ukuta, ni misuli iliyopo chini yake na pembeni, imeanzia mfupa wa kinena huku mbele ikaenda mpaka kifandugu huko nyuma, na hiyo ndo imebeba kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa vyote kwa pamoja. Nilikuwa nawaambia wazazi kliniki kwamba hicho ni kitanda cha kamba. Kikilaliwa miezi tisa na mzigo, alafu mzigo wa kilo nne upitie katikati, kamba lazima zilegee. Na kitanda cha kamba hukikazi kwa kubadilisha shuka. Shabu, ndimu, majani, mvuke, manjakani, vidonge vya kuchomeka, vyote hivyo ni shuka. Mvuke wenyewe nimeona mtu kaungua mapaja na mashavu ya uke, na kule kwenye misuli hata haufiki.

Ukitaka kitu cha asili basi cha asili kuliko vyote ni mazoezi, na wewe umeyafanya wiki mbili ukaacha. Wiki mbili mwanangu ni sawa na kupanda mahindi Jumatatu ukaenda kuvuna Ijumaa. Ule msuli ni msuli kama wa mkono, unataka miezi mitatu ya kila siku ndo useme umejaribu. Yule daktari wa Marekani aliyeyapa jina, Arnold Kegel, alichapisha mambo yake mwaka 1948 akiwa anahangaika na akina mama wanaovujisha mkojo baada ya kuzaa, wala hakuanza na habari za kumfurahisha mwanaume, faida ya kitandani ilikuja kuonekana baadaye.

Namna ya kufanya, maana wengi wanakosea hapa. Kojoa kwanza. Lala chali umekunja magoti. Sasa jifanye kama unazuia ushuzi usitoke mbele za wakwe, na hapo hapo unazuia mkojo, unavuta kwa ndani NA KWENDA JUU kama unanyonya kitu kwa huko chini. Tumbo limelegea, makalio yamelegea, mapaja yamelegea, na unapumua, usizuie pumzi. Shika sekunde tano, achia kabisa sekunde tano au zaidi, rudia mara nane mpaka kumi. Kutwa mara tatu. Ukizoea unapanda mpaka kushika sekunde kumi, na mwisho malizia na za haraka haraka kubana na kuachia. Kuachia ni nusu ya zoezi, usiache. Na ile tabia ya kukatakata mkojo kila ukienda chooni kama zoezi muiache jamani, unaweza jaribu mara moja kuujua msuli uko wapi ila ukiifanya desturi mkojo unabaki kwenye kibofu na UTI itakutembelea.

Kosa kubwa ni kusukuma badala ya kuvuta. Chukua kioo kidogo uangalie, ukibana pale kwenye msamba, yaani kati ya uke na njia ya haja kubwa, panatakiwa paingie ndani na kupanda, pakitokeza nje kama unasukuma mtoto unafanya kinyume na utazidi kulegeza. Au ingiza kidole kisafi, ukibana usikie kinakumbatiwa na kuvutwa juu.

Alafu nikuulize maswali mawili, usione aibu: ukipiga chafya mkojo unatoka? Na jioni unasikia uzito au kitu kama kinataka kudondoka huko chini?

baba_lao

Tuongee ukweli tu, mwanamke akishatumika na wengi lazima apanuke, sio kusingizia watoto. Sayansi hiyo.

sitaki_kuiona_shabu

@baba_lao sayansi ya kijiwe gani hiyo? Mdomo wako unaongea toka asubuhi mbona haujapanuka. Mke aliyelala na mume mmoja mara elfu na aliyelala na wanaume wengi mara mia, nani kaingiliwa zaidi? Piga hesabu alafu urudi. Uke unapitisha kichwa cha mtoto na unarudi, uume wako ndo uache alama ya kudumu? Kinacholegeza ni mimba, kuzaa hasa mtoto mkubwa au aliyevutwa kwa vyuma, umri, homoni kushuka, uzito mkubwa wa mwili, kikohozi kisichoisha, kukosa choo na kukamua kila siku, na kubeba vitu vizito. Idadi ya wanaume haimo.

Na wakati mwingine jamani mwanaume mwenyewe hajasimama vizuri anasema mwanamke kapwaya. Nimeishia hapo.

mama_wawili

Nimesoma yote, asanteni, huyo wa inboksi sijamjibu.

Mama mkunga maswali yako yamenishtua maana hayo sikuyaandika makusudi. Ndiyo, nikipiga chafya au kucheka sana mkojo unatoka, nimezoea kuvaa pedi nikitoka, nilijua ndo kawaida ya waliozaa. Na jioni hasa siku nikifua au nikimbeba mtoto muda mrefu nasikia uzito kama nimekalia kiyai kidogo, nikilala unaisha. Juzi nikioga niligusa nikasikia kama kauvimbe laini kwa mbele ndani kidogo tu ya uke. Niliogopa nikaacha kugusa. Hii ni kansa?

Na kioo nimejaribu leo. Nilikuwa nasukuma. Wiki mbili zote nilikuwa nasukuma.

mkunga_mstaafu

Kwa unavyoeleza hainipi picha ya kansa, ila mi sijakuona na hakuna anayeweza kukupima kwa maandishi, kwa hiyo wiki hii uende kwa daktari wa magonjwa ya wanawake. Mkojo kutoka ukipiga chafya ni jambo linalowapata wengi baada ya kuzaa lakini kuwapata wengi hakulifanyi kuwa la kuvumilia na pedi mpaka uzeeni. Na huo uzito wa jioni unaoisha ukilala, pamoja na kauvimbe laini mbele, mara nyingi ni ukuta wa mbele wa uke umelegea na kibofu kimeinamia humo, kuna wanaoita kibofu kushuka. Ndugu yake ni kizazi kushuka, na wa nyuma ni njia ya haja kubwa kuinamia ukeni. Vina ngazi, kuanzia kidogo ambacho wewe hata hujui mpaka kile kinachotoka nje kabisa.

Ndo maana nachukia neno "kulegea" likichukuliwa kama mambo ya kumridhisha mtu tu. Ungeenda kukaushwa na shabu au kupigwa leza juu ya kibofu kilichoshuka ungekuwa umefunika moto na kanga.

Ukifika mwambie daktari vitu hivi bila kupunguza: uzito wa mtoto, kuchanika na kushonwa, mkojo, uzito wa jioni, kauvimbe, upepo ukeni, na kama ushuzi au choo vinakuponyoka, hilo nalo usifiche maana wakati mwingine mchaniko ulifika mpaka kwenye msuli wa haja kubwa na haukushonwa ipasavyo. Mwombe akupime ukiwa unakohoa au kujikamua, maana ukilala umetulia kinaweza kujificha. Na mwombe akuelekeze kwa mtaalam wa mazoezi tiba wa misuli ya nyonga kama yupo, huyo anaweka kidole anahesabu nguvu ya msuli wako na kukufundisha ukiwa pale pale. Kuna mashine za kuonyesha kwenye skrini unabana kiasi gani, za kushtua msuli kwa umeme mdogo kwa wale wasioweza kabisa kuupata, na vile vizito vidogo vya kushikilia ukeni, sio lazima ila vinasaidia baadhi ya watu.

Kibofu au kizazi kikiwa kimeshuka kidogo mazoezi yanapunguza sana dalili. Kikishuka zaidi kuna pete ya mpira inaitwa pesari, inawekwa ndani inashikilia, unaitoa unaiosha maisha yanaendelea. Operesheni inakuja nyuma ya hivyo. Ila niwe mkweli, kuna wanawake ambao wakati wa kuzaa msuli uling'oka pale ulipojishikiza kwenye mfupa, huyo mazoezi yatamsaidia lakini hayataurudisha mahali pake, kwa hiyo usije ukajilaumu kama hutafika mia kwa mia.

Wakati unasubiri: ukisikia chafya inakuja bana KABLA haijatoka, ushikilie mpaka ipite. Usijikamue choo, kunywa maji, weka kigoda chini ya miguu ukikaa chooni. Na kama unanyonyesha jua kwamba homoni ya estrojeni iko chini kipindi hiki, uke unakuwa mwembamba na mkavu na hisia zinapungua, hilo lenyewe litapanda ukiachisha.

bibi_wa_52

Nimependa huu uzi, wa umri wangu tunasahaulika. Mi nilikoma hedhi nina 49 na nikaanza kuhisi kulegea, kukauka, kuwashwa, tendo linachubua na mkojo kila saa. Nikadhani ni uzazi wangu wa watoto watano umekuja kudai. Kumbe estrojeni ikiondoka ngozi ya uke inakuwa nyembamba, mikunjo inapotea, damu haifiki vizuri. Daktari alinipa krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni, ya kila siku mwanzoni kisha mara mbili kwa wiki. Haikubani kama rababendi, isije mtu akaenda kuinunua kwa ajili hiyo, inarudisha uhai wa ngozi, unyevu na hisia, na michubuko iliisha. Nguvu ya kubana niliitafuta kwa mazoezi, napiga zangu nikiwa kwenye foleni, nani atajua. Ila aliyewahi kuwa na kansa ya titi au anayetoka damu asiyoielewa baada ya kukoma hedhi asiguse hiyo krimu bila daktari wake, na hiyo damu asiisubirie.

nimepita_kisu

Mi nilifanya operesheni, nimesita kuandika lakini nikaona mtu atasoma akakimbilia.

Nilikuwa na watoto watatu, ukuta wa nyuma ulikuwa umeharibika kabisa na msamba ulibaki kama uzi, mshono wa zamani uliachia. Walinifungua wakavuta misuli pamoja wakashona, wakakata ngozi iliyozidi, wakajenga msamba upya. Kabla ya hapo daktari aliniuliza mara tatu kama nimemaliza kuzaa maana ukizaa tena kwa njia ya kawaida kazi yote inaweza kufumuka, na aligoma kunifanyia mpaka nimalize miezi mitatu ya mazoezi, wakati ule nilimkasirikia.

Wiki sita hakuna tendo, hakuna kunyanyua hata ndoo, choo nilipewa dawa ya kulainisha na bado nilikuwa naomba Mungu kila nikienda. Na baada ya hizo wiki sita sasa ndo kichekesho, nilibana MNO. Tendo lilikuwa kisu. Kovu lilikuwa gumu, ilichukua karibu miezi mitano na vipanuzi vidogo vya mpira na vilainishi vya maji ndo nikarudi mtu. Leo niko vizuri, sijutii, kwa sababu nilikuwa na tatizo la kweli la maumbile yaliyochanika. Lakini pale chumba cha kusubiri nilikutana na msichana wa miaka 24 hajazaa, mchumba kamwambia amepwaya anataka akashonwe. Niliumia. Huyo hakuwa na cha kushonwa. Chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kilishaonya mwaka 2007 na kikarudia 2020 kwamba hizi za urembo hazina ushahidi wa kutosha wa kufanya kazi wala wa usalama, na zinaweza kuacha maumivu, kovu, maambukizi na kupoteza hisia. Kukarabati kilichochanika ni jambo moja, kukata kizima ni lingine.

msomaji_kimya

Naongezea ya leza maana muulizaji aliigusa na hakuna aliyejibu. Leza na zile mashine za mawimbi ya redio zinapasha joto ukuta wa uke ili eti ngozi itengeneze kolajeni mpya, yaani zile nyuzi zinazoipa ngozi uimara, na kukaza. Julai 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kabisa, kwamba mashine hizo ziliruhusiwa kwa ajili ya kuharibu tishu mbaya za shingo ya kizazi na ukeni pamoja na masundosundo, hazikuruhusiwa kwa "kurudisha usichana", na kwamba wamepokea taarifa za kuungua, makovu, maumivu wakati wa tendo na maumivu yasiyoisha. Watangazaji wengi bado wanatangaza. Na mwaka 2021 ulitoka utafiti wa Australia wa wanawake 85 waliokoma hedhi, nusu wakapigwa leza ya kweli nusu ya uongo bila kujua, baada ya miezi 12 hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Huo ulikuwa wa ukavu na maumivu sio wa kulegea, lakini mi ulinitosha kufunga pochi.

sijazaa_bado

Samahani naingilia, mi sijazaa nina miaka 27 nimeanza hayo mazoezi mwezi sasa ili niwe nimebana tu, ila naona tendo linazidi kuuma na mkojo hautoki vizuri mpaka nisubiri. Niongeze au?

mkunga_mstaafu

@sijazaa_bado ACHA kubana. Misuli yako imekaza tayari, ukiongeza unafunga fundo juu ya fundo. Wewe zoezi lako ni kuachia, kupumua kwa tumbo, na kumuona daktari au mtaalam wa mazoezi tiba kwa hayo maumivu. Mazoezi ya Kegel sio ya kila mtu.

mama_wawili

Wapendwa nimerudi, imepita miezi minne na siku kadhaa. Samahani kwa kimya.

Nilienda. Daktari alikuwa mama mtu mzima, akanipima nikikohoa, akasema kibofu kimeshuka kidogo, ngazi ya pili, na mshono wa msamba umeshika vizuri hauhitaji kurudiwa. Misuli akaipima kwa kidole akasema kati ya tano napata moja na nusu, nikaona aibu kama mtoto aliyefeli. Akanipeleka kwa mtaalam wa mazoezi, nimekwenda mara sita. Siku ya kwanza nilitumia dakika ishirini kujua tu msuli uko wapi, nilikuwa nabana makalio, nabana tumbo, nabana mpaka meno, kile kitu chenyewe hakibani. Ilipokuja kubana kweli nilishangaa, ni kitu kidogo hivi!

Mwezi wa kwanza sikuona kitu nikataka kuacha tena nikakumbuka mahindi ya mama mkunga. Mwezi wa pili uzito wa jioni ukapungua. Mwezi wa tatu alinipima tena nikapata tatu. Upepo bado unatoka siku moja moja kwenye mikao fulani, mtaalam aliniambia hiyo ni hewa tu imeingia inatoka, hata ambao hawajazaa inawatokea. Kwenye tendo hisia zimerudi, sio kama nina miaka ishirini ila nasikia, na nikitaka kubana nabana mwenyewe kwa makusudi, hicho zamani nilikuwa sikijui kabisa. Pesari alisema tuiache kwanza tuone.

sitaki_kuiona_shabu

Hongera dada! Na baba watoto anasemaje kuhusu uwanja wake?

mama_wawili

Nilimwambia siku ile ile niliyotoka kupimwa, nikamsomea karatasi ya daktari yote, kibofu, mshono, kilo nne na gramu mia mbili. Alinyamaza sana. Siku hizi usiku ananikumbusha "umebana?" kabla hatujalala, na ndoo za maji anabeba yeye. Kuhusu kubana kwenyewe hajasema kitu na mi sijamuuliza. Jana nimepiga chafya tatu mfululizo nimesimama, bila pedi, nikabaki najiangalia chini kama mjinga.